Kujikana si Kunyimwa: Msamiati wa Saburi katika Biblia za Kiswahili

Miongoni mwa mada zinazorudi kila mwaka katika somo letu la tafsiri, ile ya tafsiri za Biblia ndiyo huzua mjadala mkali kuliko zote. Sababu iko wazi. Wanafunzi wengi wa Idara yetu wameyasikia maandiko hayo tangu utotoni kwa Luganda, Runyankore, Lugbara au lugha nyingine ya nyumbani. Wanapokutana nayo kwa Kiswahili huwa kama watu waliorudi katika nyumba wanayoijua wakakuta viti vimehamishwa. Katika makala haya tunanuia kuviangalia viti vichache tu, yaani maneno ambayo Biblia za Kiswahili zinayatumia kutaja mambo mawili yaliyo kiini cha maisha ya kiroho ya Mkristo: kudumu katika imani wakati wa dhiki, na kujikatalia nafsi. Tunafanya hivyo kama wanafunzi wa lugha. Hata hivyo hatutajifanya kwamba suala hili ni la lugha peke yake, kwa sababu maneno haya hutumiwa kila Jumapili juu ya watu walio hai, na wengine wao huumizwa nayo.

Yafaa tuanze na historia kidogo, kwa kuwa hapa Uganda wengi hudhani kwamba Kiswahili kilifika kikiwa kimevaa magwanda ya askari. Alexander Mackay alipofika katika ikulu ya Kabaka Mutesa mwaka 1878, hapakuwa na maandiko ya Kikristo kwa Luganda. Wasomaji wa kwanza wa Buganda walijifunza kwa kutumia sehemu za Injili zilizotafsiriwa kwa Kiswahili huko Unguja chini ya Askofu Edward Steere. Agano Jipya zima kwa Luganda lilikamilika mwaka 1893 na Biblia nzima mwaka 1896. Ina maana kwamba vijana watatu wa Kianglikana waliouawa Januari 31, 1885, na wale waliochomwa moto Namugongo Juni 3, 1886, waliishi na kufa kabla Injili haijapata mwili kamili katika lugha yao. Hatudai kwamba Kiswahili ndicho kilichowapa ujasiri. Tunachosema ni kwamba miongoni mwa wasomaji wa mwanzo wa ikulu ile, fikra ya kujikana kwa ajili ya Kristo ilisikika, kwa sehemu, kupitia Kiswahili cha Unguja. Kwa hiyo Mganda anayeisoma Biblia ya Kiswahili leo haingii nyumba ya kigeni kabisa.

Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ilitoka mwaka 1891, ile ya Kimvita mwaka 1914, na ile ya Mjerumani Karl Roehl mwaka 1937. Roehl alijulikana kwa juhudi zake za kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu. Mwaka 1952 ikatoka Biblia ya Muungano, iliyotaka kuwaunganisha wasomaji wa Unguja, Mombasa na bara chini ya Kiswahili sanifu. Hiyo ndiyo inayosomwa zaidi mpaka sasa, na ndiyo tutakayoitegemea hapa. Ile ya Habari Njema, iliyokamilika katika miaka ya 1990, tutaigusa pale tu inapotufaa.

Tuanze na neno saburi. Katika Waraka kwa Warumi sura ya 5, Paulo anajenga ngazi: dhiki huzaa kitu fulani, na kitu hicho huzaa uthabiti. Neno la Kigiriki lililotumika kwa kitu hicho ni hupomone, ambalo kwa kulichambua ni kukaa chini ya jambo zito bila kukimbia. Muungano imelitafsiri kwa saburi. Neno hilo hilo limetumika katika Yakobo 1, katika 2 Petro 1, na katika Waebrania 12. Mpaka hapa watafsiri wamekuwa waaminifu kwa neno moja, na tunawapongeza.

Tatizo linaanza pale tunapotafuta kitenzi. Kigiriki kina kitenzi kinacholingana na nomino yake. Kiswahili nacho kinacho, kwani saburi, subira na kusubiri yote yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Lakini kusubiri kwetu kumekuwa kungoja. Tunasubiri basi, tunasubiri matokeo ya mtihani, tunasubiri mshahara. Mtafsiri angeandika kwamba atakayesubiri hadi mwisho ndiye atakayeokoka, msomaji angemwona mtu aliyeketi kwenye benchi. Kwa hiyo katika Mathayo 24 Muungano ikakimbilia kuvumilia, na katika 1 Wakorintho 13, ambapo Paulo anamalizia sifa za upendo kwa kitenzi kile kile, ikatumia kustahimili. Tazama basi: familia moja ya maneno katika Kigiriki imegawanywa nyumba tatu katika Kiswahili, nazo ni saburi, kuvumilia na kustahimili. Msomaji asiye na kamusi ya Kigiriki hana njia ya kujua kwamba ni ndugu.

Je, hilo ni kosa? Baadhi ya walimu wenzetu husema ni kosa kubwa. Sisi hatukubaliani nao moja kwa moja. Kila neno kati ya hayo matatu lina rangi yake, na kulazimisha neno moja kila mahali kungetupa Kiswahili cha mashine. Kosa tunaloliona sisi liko kwingine. Neno uvumilivu limepewa kazi nyingi mno. Katika Wagalatia 5, kwenye orodha ya tunda la Roho, uvumilivu wa Muungano hautafsiri hupomone hata kidogo. Unatafsiri makrothumia, ambayo ni subira ya mtu kwa watu wenzake, kutokuwa mwepesi wa hasira. Vivyo hivyo katika 1 Wakorintho 13, upendo unapoanza kusifiwa, kitenzi huvumilia kinasimama mahali pa makrothumia. Basi kuvumilia kwaweza kuwa kudumu chini ya mateso hata kufa, na kwaweza pia kuwa kutomkaripia jirani anayepiga redio usiku. Ni mambo mawili tofauti sana. Habari Njema, kwa nia njema ya kurahisisha, imeongeza mzigo huo kwa kuweka uvumilivu hata katika Warumi 5, mahali ambapo Muungano ilikuwa imeweka saburi.

Msomaji atauliza: kuna hasara gani? Hasara ni hii. Waebrania 12 inamwonyesha Mkristo akiwa mwanariadha, na Muungano inasema mbio zile hupigwa kwa saburi. Picha hiyo ina jasho. Saburi hapo ni pumzi ya mkimbiaji wa masafa marefu, mtu anayejua anakokwenda na anayeumia kwa hiari kwa sababu anataka kufika. Sasa linganisha na kuvumilia kwa matumizi yetu ya kila siku. Mwanamke anapigwa nyumbani, anakwenda kwa wazee wa kanisa, naye anaambiwa: vumilia, mama. Kibarua hajalipwa miezi minne, anaambiwa: vumilia, ndugu, Mungu anaona. Mistari inayotajwa ni ya saburi, lakini maana inayotolewa ni ya kukaa kimya. Mbio zimegeuzwa kuwa benchi. Tumesikia mahubiri ya namna hiyo mara nyingi, katika madhehebu mbalimbali, na hatudhani kwamba wahubiri wote wana nia mbaya. Wengi wao wamefuata neno kwenye mteremko wake wa kawaida bila kujiuliza lilitoka wapi.

Methali nazo zimechangia. Mvumilivu hula mbivu, husema waalimu wa Jumapili, na watoto huitikia. Wapo wanaoikataa methali hii kanisani kwa madai kwamba inaufanya uvumilivu kuwa biashara: vumilia ili ule. Hapa tunaitetea methali. Yakobo 5 inamchukua mkulima anayengojea mazao ya nchi na mvua zake mbili kuwa mfano wa subira, na mkulima huyo ni jamaa wa karibu wa mla mbivu. Tena mkulima hakai bure. Amelima, amepanda, amepalilia. Jambo pekee asiloliweza ni kuiamuru mvua. Udhaifu uko kwa anayeitamka methali kwa mtu ambaye shamba lake limeporwa. Huyo hana tunda linaloiva mahali popote.

Tugeukie upande wa pili, yaani kujikatalia nafsi. Hapa Kiswahili kimefanya kazi nzuri ajabu, na inasikitisha kwamba walimu wachache huiona. Katika Marko 8 Yesu anamtaka mfuasi wake ajikane. Kitenzi ni kana pamoja na kirejeshi -ji-. Wanafunzi wetu wa mwaka wa pili wakiulizwa maana yake husema ni kujinyima: kutokula nyama wakati wa Kwaresima, kuacha sukari katika chai, kuweka akiba ya sadaka. Kwa kweli hayo ni mambo mema, lakini si kujikana. Kunyima ni neno la mali. Unamnyima mtu chakula, fedha, ruhusa. Kukana ni neno la baraza na mahakama. Mshitakiwa hukana shitaka, mdaiwa hukana deni, na baba asiye na haya humkana mtoto. Anayekana anasema: simjui huyu, si wangu, sihusiki naye.

Sasa msomaji afungue sura ya 14 ya Injili hiyo hiyo. Petro anaambiwa kwamba atamkana Bwana wake mara tatu, na kweli uani kwa kuhani mkuu anasema hamjui mtu huyo. Kitenzi ni kana, kama vile katika Kigiriki kitenzi cha sura ya 8 na cha sura ya 14 ni kimoja. Mwinjili amefanya makusudi au la, hilo tuwaachie wataalamu wa Agano Jipya. Lakini katika Kiswahili mwangwi huo umehifadhiwa kikamilifu. Mwanafunzi aliyetakiwa ajikane alipofika mahali pa hatari alimkana mwingine ili ajiokoe mwenyewe. Kumbe mtu hana njia ya kutomkana yeyote: ama ataikana nafsi yake, ama atamkana Bwana wake. Karne ya nne, Yohane Krisostomo alipokuwa akiuhubiri Mathayo, alieleza kujikana kwa mfano wa mtu aliyemkana ndugu au mtumishi: hata akimwona anapigwa au amefungwa, hamwendei. Yeyote aliyekulia katika jamii yenye maneno kama nimemkana, si mtoto wangu, atauelewa ukali wa mfano huo pasipo ufafanuzi.

Neno linalofuata pale pale ni ajitwike. Kigiriki kina kitenzi cha kawaida cha kuinua au kuchukua, na Habari Njema imeandika auchukue. Muungano imekwenda mbali zaidi. Kutwika ni kumwekea mtu mzigo kichwani au begani, na kwa desturi mzigo mzito unahitaji watu wawili, mmoja wa kutwika na mwingine wa kutwikwa. Kila aliyewahi kuteka maji kisimani anajua adha ya kukosa mtu wa kumtwika. Anayejitwika hana msaidizi: anapiga goti, anauinua mtungi mwenyewe, anasimama nao. Waganda hawahitaji kamusi hapa, kwani kwa Luganda kuchukua mzigo kichwani ni okwetikka, neno lenye undugu wa wazi na kujitwika. Tunapendelea ajitwike kuliko auchukue kwa mbali sana.

Hata hivyo haki ni haki, na upendeleo wetu una gharama. Katika Marko 15 askari wanamshurutisha Simoni Mkirene kuuchukua msalaba wa Yesu, na Kigiriki kinatumia kitenzi kile kile cha sura ya 8. Muungano ina ajitwike katika sura ya 8 na auchukue katika sura ya 15, na hivyo uhusiano umekatika. Lakini kukatika huko kumetupa jambo jingine lenye faida. Simoni hakujitwika. Alitwikwa. Injili haimlaumu, wala haimtumii kuwa kielelezo cha mwanafunzi aliyeitikia wito. Inasema tu alikuwa akipita, akitoka shamba, akashikwa.

Tunafika sasa kwenye jambo lililotusukuma kuandika. Kirejeshi -ji- katika sarufi yetu kinasema kwamba mtenda na mtendwa ni mtu mmoja. Kujikana, kujinyima, kujitwika, kujizuia, kujitoa: msamiati wote wa kujikatalia nafsi katika Kiswahili umejengwa juu ya kiambishi hicho. Kiondoe, uweke kauli ya kutendwa, utapata kukanwa, kunyimwa, kutwikwa, kuzuiwa, kutolewa. Hiyo ni orodha ya maonevu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuiona tofauti hii ubaoni kwa dakika tano, lakini viongozi wetu wa dini na wa dunia huivuka kila siku. Kijana wa kike anaachishwa shule ili kaka yake asome, kisha anasifiwa kanisani kwa kujinyima. Hakujinyima, alinyimwa. Mtumishi wa parokia anayefanya kazi bila posho huku wakubwa wake wakibadilisha magari anaambiwa amejitoa. Huenda alijitoa siku ya kwanza. Tangu mwaka wa pili ametolewa.

Kuna anayeweza kupinga kwamba mtu aweza kuupokea kwa moyo mzigo aliotwikwa, ukawa wake. Ni kweli, na mashahidi wengi ni mfano wa hilo. Vijana wa Namugongo hawakuchagua moto. Walichagua kutomkana waliyemwamini, na moto ukaja kwa uamuzi wa Kabaka Mwanga. Lakini hata hapo aliyewatwika hakupata sifa ya mafundisho ya kiroho. Anayepokea anaweza kuugeuza mzigo kuwa sadaka. Anayetwika hana ruhusa ya kumfanyia hivyo, hasa akiwa yeye ndiye anayenufaika na mzigo huo.

Maneno haya pia yanaweza kuibwa. Wakubwa kwa wadogo tunakumbuka kwamba kujitoa mhanga lilikuwa neno la sifa kwa mtu aliyejitoa kwa ajili ya wengine. Idhaa za redio zilipolitumia kwa walipuaji wa mabomu, neno hilo lilichafuka kiasi kwamba mhubiri mwenye busara huliepuka leo. Kujikana bado ni safi. Tusingependa lifuate njia hiyo kwa kutumiwa hovyo.

Neno la mwisho tunalotaka kuligusa ni kiasi, lililowekwa na Muungano mwishoni mwa orodha ya Wagalatia 5. Darasani huchekesha. Kiasi kwa mwanafunzi wetu ni swali la sokoni: nyanya kiasi gani? Mmoja aliwahi kutuuliza kwa dhati kama maana yake ni kwamba matunda ya Roho hutolewa kwa kipimo. Wenzake walicheka, lakini yeye alikuwa ameligusa jambo. Neno la Kigiriki, enkrateia, lina maana ya nguvu ya mtu juu ya nafsi yake, na penye kitenzi, katika ule mfano wa wanamichezo wa 1 Wakorintho 9, Muungano imesema hujizuia. Kwa nini basi wasiandike kujizuia katika Wagalatia pia? Wangepata usawa wa maana. Lakini kiasi kimeleta kitu ambacho kujizuia hakina, yaani wazo la kipimo. Kujizuia kunaweza kuzidi. Yohane Kasiano, aliyeandika mazungumzo yake na wamonaki wa Misri katika karne ya tano, anamtaja mzee Heroni aliyekaa jangwani miaka 50 akifunga kwa ukali mno, hata siku ya Pasaka akakataa kula pamoja na ndugu zake. Mwisho wake alijitupa kisimani akiamini kwamba hatapata madhara, akafa. Kwa Kasiano, kilichompungukia mzee huyo kilikuwa ni uwezo wa kupambanua, wa kujua ni wapi pa kukoma. Heroni alijizuia kuliko wote. Hakuwa na kiasi.

Ni vema pia wasomaji wakumbuke kwamba Kiswahili kilijua kuikemea nafsi kabla ya meli ya wamisionari kutia nanga. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir anausemesha moyo wake mwenyewe mbele ya magofu ya Pate, akiuonya usidanganywe na dunia. Huyo ni Mwislamu, na zuhudi yake si kujikana kwa Injili, tusizichanganye. Lakini mshairi anayegawanyika mara mbili, nusu msemaji na nusu msikilizaji, anafanya kwa utungo jambo ambalo -ji- hulifanya kwa sarufi. Watafsiri wa Biblia walikuta lugha iliyokwisha kuzoezwa. Roehl alipojaribu kuipunguzia maneno ya Kiarabu alikuwa, kwa maoni yetu, akiinyima lugha sehemu ya mazoezi hayo. Saburi imebaki kwa sababu hapakuwa na neno jingine lenye umri na uzito wake.

Kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaotafuta mada ya tasnifu, kuna kazi ambayo bado inawangoja: kuzifuata aya zote za hupomone katika Biblia ya 1891, ya 1914, ya 1937 na ya 1952, na kuonyesha ni lini na wapi saburi iliingia au ilitoka. Anayejua Luganda aongeze safu ya okugumiikiriza, kitenzi kilichojengwa juu ya okuguma, jamaa wa -gumu yetu, kwa kuwa huko uvumilivu unasikika kama kuwa imara na hausikiki kama kungoja. Mwenye Luganda aangalie pia okwefiiriza, ambalo Waganda hulitumia kwa kujikatalia nafsi na ambalo ni ndugu wa okufiirwa, yaani kufiwa. Kiswahili kinamweka mfuasi mahakamani, akitakiwa kukana. Luganda inamweka matangani. Tungependa kusoma kazi ya mtu atakayetuambia ni ipi kati ya picha hizo mbili inayosikika zaidi masikioni mwa waumini wa Kampala wanaposikia mahubiri yakichanganya lugha zote mbili, kama ilivyo kawaida sasa.